Wasifu wa Toa Ulimi, Aliyetazama Makoo ya Watu

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Toa Ulimi akiwa hayupo karibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, kifungua mimba wa seremala na mshonaji. Alifuatiwa na dada yake, ndiye anayewasomea wasifu huu. Sauti yake inakwaruza leo, mtamvumilia. Familia ilimwomba aandike mazuri. Ameandika yaliyokuwepo.

Udaktari aliuanza mapema. Akiwa bado mdogo, alichukua kijiko cha supu na kioo cha mkono cha mama, akamkalisha dada yake mlangoni penye jua, akamvuta ulimi kwa kitambaa ili ammulike kooni. Dada alipiga ukelele, mama akatoka jikoni mbio. Alipoona kinachofanyika akacheka. "Mwache mwenzio akutazame, huyu atakuja kuwa daktari." Dada alivuja damu chini ya ulimi, marehemu akapewa sukari. Kijiko kile dada anacho hadi leo.

Alisoma shule ya mtaani, kisha ya bweni, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha udaktari akiwa wa kwanza darasani, jambo ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulisahau. Akabobea kwenye magonjwa ya koo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido. Humo mlikuwa na kiti cha chuma, taa ya spiriti, na kile kioo chake cha koo: kiduara kidogo kama kifungo cha koti, mwishoni mwa mpini mrefu. Kioo hicho hakiingizwi kikiwa baridi, maana pumzi ya mgonjwa hukitia ukungu. Hupashwa juu ya taa, na daktari hukigusisha kwanza mgongoni mwa mkono wake, ajue kwamba hakitaunguza. Marehemu alikigusisha mgongoni mwa mkono wa mwanafunzi aliyesimama karibu. Madaktari aliowafundisha mmo humu. Tunawajua kwa mikono yenu.

Na wagonjwa hakuwa na maneno mengi. "Toa ulimi. Sema iii. Funga mdomo. Mwingine!" Alichokiona hakukisema, kiwe kizuri au kibaya. Mgonjwa akithubutu kuuliza, alijibiwa, "Koo ni lako, macho ni yangu."

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na muuguzi aliyekuwa akiwashika wagonjwa vichwa wasirudi nyuma. Hakuwahi kumwambia anampenda. Alimwambia ana koo safi. Mjane anasema neno tamu kuliko hilo hakulisikia tena katika ndoa yake. Walijaliwa binti mmoja, naye akasomea makoo chini ya baba yake. Alama ya mkononi anayo.

Mwaka 1998 mume wa dada yake, fundi uashi, alianza kukauka sauti. Akaenda kwa shemeji yake moyo mweupe, akakaa kwenye kile kiti, akatoa ulimi. "Shemeji, vipi?" akauliza. "Funga mdomo. Mwingine!" Fundi akarudi nyumbani anacheka, akamwambia mkewe kwamba kingekuwepo kitu angeambiwa, yule si mtu baki. Akaendelea kuinua ukuta wa nyumba ya wanawe mpaka pumzi ikamwishia juu ya jukwaa. Msibani, marehemu alimwambia dada yake, huku anakula, "Niliona siku ileile. Angejua, angefanya nini?" Dada akainuka. Alikuwa na wageni wa kulisha.

Mwaka jana sauti ya marehemu mwenyewe ikaanza kukwaruza. Alijaribu kujitazama bafuni kwa vioo viwili, akatapika kwenye beseni. Kamera mpya, ule mpira mwembamba unaopitishwa puani, aliikataa, akasema hiyo ni ya kuzibulia mabomba. Akamtaka binti yake, na kioo chake cha zamani.

Binti akawasha taa, akakipasha kioo, akakigusisha mgongoni mwa mkono wake mwenyewe. Akatazama.

"Umeona nini?" baba akauliza.

Binti akatoka hadi koridoni, akamshika mabega shangazi yake aliyekuwa akisubiri pale. "Shangazi, uvimbe ni mkubwa, haukatiki tena. Nimwambie?"

"Yeye alimwambia nani?"

"Ni baba yangu, Shangazi."

"Na yule alikuwa mume wangu."

Binti akarudi ndani, akamwambia baba yake afunge mdomo.

Basi naye akarudi nyumbani na matumaini yake. Akampelekea fundi cherehani kitambaa cha suti ya kuvaa siku ambayo chuo kingemtunuku nishani. Ndiyo aliyovaa leo. Imebidi ipunguzwe kiunoni. Baadaye alitobolewa shingo ili apate pumzi, sauti ikaondoka kabisa, akawa anaandika kwenye karatasi: Nini? Alimwonyesha muuguzi, akamwonyesha mkewe, akamwonyesha hata mfagiaji. Wote walimwelekeza kwa binti, na binti akamtazama shangazi yake.

Tarehe 2 mwezi huu, asubuhi, dada yake aliingia wodini peke yake. Marehemu akainua karatasi yake. Dada akafungua mkoba, akatoa kijiko cha supu.

"Toa ulimi, kaka."

Akautoa. Dada akaukandamiza kwa kijiko, akatazama kwa muda wote alioutaka. Yeye si daktari. Hakuona kitu ila giza.

"Funga mdomo."

Marehemu akafunga. Machozi yakamtoka, akaikunja karatasi yake vizuri, akaiweka chini ya mto. Hakumwuliza mtu tena. Alifariki dunia jioni ya siku hiyo.

Ameacha mjane, binti, wajukuu, dada mmoja, na wapwa ambao nyumba yao haijaezekwa hadi leo. Vyombo vyake amevirithi binti, na sasa kila mgonjwa anayekaa kwenye kile kiti huambiwa kilichoonekana. Juzi alikaa shangazi yake. Binti alimwambia yote, bila kumficha, amemshika mkono, na walilia pamoja. Sauti hii mnayoisikia si ya kilio; ni uvimbe uleule.

Kaka amefunga mdomo. Apumzike kwa amani. Mwingine anajijua.