Mzee Shemtoi na Vichupa Sitini na Tatu vya Mate

Mzee Ismaili Zahoro Shemtoi, mhudumu mwandamizi wa maabara katika kituo chetu cha utafiti wa kinywa na meno hapa Lushoto, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1999, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitano na miezi minne. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe, kwa kuwa majalada yako kwangu na simwamini mtu mwingine kuyagusa. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza barabara ya Soni ilikuwa imeporomoka. Mara ya pili alikuwa anamwoza binti yake, na hata siku hiyo alipita kwanza kuangalia friza, akiwa amevaa kanzu na koti jipya.

Alipoajiriwa Machi 1974 kituo kilikuwa chumba kimoja cha kung'olea meno. Kazi yake ilikuwa kuchemsha koleo, kupiga deki, na kushika vichwa vya wagonjwa wakati daktari anavuta. Hiyo ya tatu ndiyo iliyompa jina. Watu walitoka Magamba wakiwa wamevimba mashavu, wakauliza mlangoni kama mshika vichwa yupo, na wakiambiwa yuko likizo waligeuza wakarudi na jino lao. Yeye mwenyewe aling'olewa jino la mbele mwaka 1979, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumshika kichwa alijishika mwenyewe. Pengo hilo mnalijua. Tutalirudia.

Mwaka 1987 alifika Dk. Selina kutoka Tanga, akiwa na hadubini moja na masanduku sita ya vichupa vitupu. Ilikuwa miaka ile biashara zinafunguliwa. Duka lililokuwa na chumvi na viberiti likaanza kuuza soda, biskuti na peremende za rangi nne, na sukari tuliyokuwa tunaipanga foleni ikawa inapimwa bila kubembelezwa. Dk. Selina alitaka kujua vinywa vya watu wa milimani vitaipokeaje neema hiyo. Alitueleza kwamba ndani ya mate kuna protini na vijidudu vinavyoonyesha ugonjwa wa fizi na meno kabla mwenyewe hajasikia maumivu. Kwa hiyo kila Juni, kwa miaka kumi na miwili, tungechukua mate ya familia zilezile sitini na tatu za Mgwashi, Rangwi na Magamba. Mradi ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi, na karatasi zile nilizipiga chapa mimi.

Juni ya kwanza timu ilirudi na vichupa vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vya dereva.

Mtu wa huku hatoi mate yake hivi hivi kwa mgeni ayafungie kwenye chupa na kwenda nayo asikokujua. Mzee Shemtoi, ambaye ni mtoto wa milima hii, alikuwa ameyasema hayo mapema, lakini wakati ule mawazo ya mshika vichwa hayakuwa yakiandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Ilibidi tukwame ndipo aulizwe. Akajibu kwamba dawa yake ni moja: anayechukua aache na yake. Akapanda Mgwashi kwa miguu, akaingia nyumba ya Bibi Hidaya, mjane wa miaka sabini aliyekuwa akisikilizwa na kijiji kizima, akatoa shikamoo, akaketi, akaomba radhi, akageukia ukuta na kutema mate kwenye kichupa. Kisha akakikabidhi kwa mikono miwili, pamoja na kingine kitupu. Alimwambia kwamba hiyo ni amana: yeye akae na mate ya Shemtoi, Shemtoi akae na mate yake, na siku atakayoacha kazi kila mmoja atamrudishia mwenzake. Bibi Hidaya alikitazama kichupa kwenye mwanga, akaingia ndani, akarudi na cha kwake kimejaa.

Wiki tatu baadaye Mzee Shemtoi alikuwa amefika nyumba zote sitini na tatu. Alitembea na plamu mbichi mifukoni, maana kinywa kikikauka ilimtosha kung'ata moja. Mkewe, Bi Asha, alilalamika kwamba mume wake anarudi nyumbani hana mate hata ya kujibu salamu.

Sasa nieleze aibu ya Mgwashi, ambayo ameniruhusu kuieleza, ingawa ruhusa yenyewe niliipata baada ya siku nne za kumsumbua.

Miaka ile ya mwanzo amana ilitolewa upya kila Juni. Mwaka 1988 Dk. Selina alitoka maabara amekunja uso, ameshika karatasi ya majibu. Watu kumi na mmoja wa Mgwashi walikuwa na mate ya aina moja. Protini ya uvimbe wa fizi ilikuwa sawasawa kwa bibi wa miaka sabini na mmoja na kwa mtoto wa miaka tisa, na wote, mtoto akiwemo, walikuwa na dalili za tumbaku. Daktari aliona amegundua jambo kubwa. Alianza kuandika ripoti juu ya kijiji kinachovuta sigara tangu utotoni, nami nikafika ukurasa wa nne kwenye taipureta. Mzee Shemtoi alipita akidekia, akasoma kichwa cha habari begani kwangu, akasimama na tambara mkononi. Kisha akaomba kuonana na daktari faragha.

Mambo yalikuwa hivi. Mtu mzima mwenye adabu hatemi mate mbele ya mgeni, kwa hiyo kila mwenye nyumba alikuwa akiingia ndani na vichupa vyote viwili. Familia kumi na moja, zikiongozwa na Bibi Hidaya, zilikuwa zimemimina mate ya Shemtoi kwenye kichupa cha kituo na kumrudishia mwenyewe. Shukrani zilitolewa pande zote mbili. Mate tuliyoyapima mara kumi na moja yalikuwa ya mtumishi wetu, mtu aliyekuwa amemwapia mkewe kwamba sigara ameacha tangu 1981. Faragha ya kituo hiki mnaijua. Bi Asha alizipata habari kabla ya chakula cha mchana.

Msimu uliofuata aliapa hatadanganywa. Akawa anatafuna bitiruti njia nzima kutoka Bumbuli, ili mate yake yawe mekundu na yeyote atakayeyarudisha aumbuke. Mbinu ilikuwa safi, isipokuwa watu wa Mgwashi walipomwona anatema mekundu walisikitika, wakaamini kifua kimemwisha. Hakuna aliyemdanganya mwaka ule. Alirudi na vichupa vyote vya haki, chupa mbili za asali na kuku mmoja wa mchuzi. Mwaka uliofuata aliona aibu kuendelea kuugua, akahamia kwenye mshumaa: aliziba amana yake kwa nta mbele ya mwenye nyumba, ikawa ya kudumu, na mchezo ukaishia hapo.

Meno nayo yana habari zake. Dk. Selina alikuwa akijaribu kuona kama kiini cha jino, ile nyama hai iliyo katikati, kinaweza kuchochewa kitengeneze tishu mpya ya jino. Alihitaji meno ya utoto yaliyotoka karibuni, na watoto wa huku jino likitoka hulirusha juu ya paa ili panya awaletee jipya. Mzee Shemtoi alikwenda shuleni Rangwi akajitambulisha kuwa ni wakala wa panya. Watoto wakamkabidhi meno, naye akawaahidi mapya. Kwa kuwa meno mapya yaliota yote, sifa yake ilivuma mpaka wazazi wakaanza kumletea malalamiko juu ya meno yaliyoota upande. Maabarani, baada ya miaka saba, kiini kimoja kilitengeneza tabaka jipya jembamba kuliko karatasi ya sigara. Dk. Selina alilia kwa furaha. Mzee Shemtoi alilitazama kwenye hadubini, akagusa pengo lake kwa ulimi, akasema atasubiri.

Mwaka 1995 akaja mgeni kutoka kwa wafadhili huko Ulaya, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu. Alitaka kuondoka na vichupa mia tatu vikapimwe kwenye mashine za kwao. Barua zilikuwa tayari zimesainiwa. Mzee Shemtoi alisimama mbele ya friza akaeleza, kwa heshima, kwamba mate yale yako hapa kwa masharti: anayechukua aache na yake, kichupa kwa kichupa. Mgeni alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Alikaa barazani tangu saa tatu asubuhi. Kufika kichupa cha tano midomo ilikuwa imeshikana. Aliomba maji akaambiwa maji yanaharibu sampuli. Plamu mbichi ya Magamba ilimsogeza kutoka saba hadi tisa, akanyoosha mikono. Aliondoka na vichupa tisa, na mwaka uliofuata mashine yenyewe ndiyo iliyopanda milima ikatufuata Lushoto. Ndiyo ile iliyopo chumba cha pili, mnayoifuta vumbi kila Ijumaa. Kwa mashine hiyo tuliona mate ya watoto wanaoishi karibu na maduka yakibadilika miaka miwili kabla meno yao hayajatoboka, na zahanati zikapata muda wa kuwahi. Kwenye ripoti jina lake limeandikwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Nilizipiga mimi, na nilipoambiwa niziache ndogo nilinuna.

Kwa hili linalofuata naandika bila mzaha. Tangu Januari mwaka huu Mzee Shemtoi alikuwa hali vizuri. Chai ilikuwa inapoa mbele yake. Tulidhani anaogopa kustaafu, kumbe alikuwa anaogopa ahadi. Aliwaambia watu sitini na watatu kwamba siku ya kuondoka atawarudishia mate yao, na mate yale hayapo. Yamepimwa, yamekwisha. Kwenye friza vimebaki vichupa vyenye majina na baridi. Watu walimwamini yeye, hawakuamini kituo, na sasa angewapelekea chupa tupu hali wao wamemtunzia amana yake miaka yote hiyo. Dk. Selina alimshauri aandike barua ya maelezo. Alijibu kwamba Bibi Hidaya hakupokea mate yake kwa barua.

Wiki mbili zilizopita alipanda Mgwashi na sanduku la vichupa vitupu, akifuatana na Yusra, binti anayechukua nafasi yake. Yusra ndiye aliyenisimulia. Anasema walianzia kwa Bibi Hidaya. Mzee alitoa shikamoo, akaketi palepale alipoketi mwaka ule wa kwanza, akafungua sanduku na kusema ukweli wote: kwamba mate yake yametumika, kwamba anachorudisha ni chupa, na kwamba anaomba radhi.

Bibi Hidaya, ambaye sasa ana miaka themanini na miwili, aliinuka taratibu akaingia ndani. Alirudi na kichupa cha Shemtoi na kukiinamisha kiganjani. Zikatoka mbegu za kabichi.

Nta aliibandua wiki ileile aliyopewa, akazibia ndoo iliyovuja. Mate yakakauka. Akaona chupa ni nzuri, ina kifuniko, panya hawafiki, akaweka mbegu. Yusra anasema mzee aliuliza kwa nini basi, kama hakuwa ameshika chochote, alikuwa akimpa mate kila Juni kwa miaka yote ile.

"Mwanangu," Bibi alimwambia, "wewe si ulikuwa unarudi kila mwaka?"

Kisha akamnyang'anya ile chupa tupu aliyokuja kuiombea radhi, akasema humo ataweka mbegu za karoti.

Ilikuwa hivyo nyumba hadi nyumba. Amana ya Shemtoi ilikutwa imegeuka chupa ya sindano, ya ugoro, ya dawa ya masikio, na Rangwi kuna nyumba ilikuwa na meno matatu ya utoto yanayomsubiri wakala wa panya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika mate ya mwenzake. Vichupa vyote sitini na tatu alivyobeba vilipokewa kwa shukrani, na Yusra anasema walipofika Magamba mzee alikuwa anapiga mluzi, ambao kwa pengo lile ni kazi ngumu. Kwenye orodha ya makabidhiano mkaguzi ataviona vimepungua. Nimeandika pembeni kwamba vimerudishwa kwa wenyewe, na akitaka maelezo zaidi apande Mgwashi.

Mzee Shemtoi, umetushika vichwa sote, hata sisi tusiokuwa na jino bovu. Asante kwa miguu yako, kwa plamu zako, na kwa kutufundisha kumwomba mtu kitu chake huku tumekaa chini. Asante Bi Asha kwa kutuazima mume mwenye kinywa kikavu. Mzee, tunakuombea siku ndefu za afya, shamba linalozaa, wajukuu wanaokusikiliza, na sigara chache kuliko zile tunazozijua. Kuhusu pengo, Dk. Selina anasema tabaka la pili limeanza kuonekana.

Ila usikunjue miguu sana. Yusra alipomwomba Bibi Hidaya aendelee na mradi chini yake, Bibi alikubali kwa sharti moja, na mimi nimeshaliingiza kwenye ratiba ya safari. Juni ijayo kiti cha mbele cha gari ni chako. Bibi amesema mate anayo, ila anakungoja wewe.

Efrazia Danieli, Masjala