Paredi ya Violezo ya Afande Otema

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Mzee Otema anatuaga tarehe 31 Oktoba. Amefikisha miaka sitini, na tangu mwaka jana macho yake hayasomi tena maandishi ya skrini. Mkewe, Mama Adoch, ndiye atakayemsomea ukurasa huu ukumbini. Anaondoka bila kuwahi kuwa mkuu wa kitengo chetu cha kurasa za wavuti. Wengi mnadhani mnajua sababu. Hamuijui, na nisipoisema leo ataondoka na lawama isiyo yake.

Otema alizaliwa kambini, mtoto wa askari, ndiyo maana tunamwita Afande ijapokuwa hakuwahi kuvaa sare. Kiswahili chake ni cha amri: wewe kuja, wewe kaa, wewe soma tena. Mimi niliyetoka Bukavu nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikucheka, maana alinirudishia programu yangu yote niiandike upya.

Kazi yake ilikuwa violezo, yaani maganda ya HTML ambayo programu huyajaza majina na tarehe kabla mtu hajaona ukurasa. Alipofika, violezo vilikuwa vimechanganywa ndani ya JavaScript, vimejaa alama za nukuu mpaka kichwa kinauma. Akakipa kila kimoja faili lake. Ubaya ni kwamba kivinjari kikawa kinayaomba mafaili hayo moja moja kutoka kwenye seva. Otema akachukua simu kuukuu, akaenda kwenye vichochoro vya soko la Kikuubo, ambako mtandao husuasua, akasimama katikati ya makatoni ya sabuni na kufungua mfumo wetu. Wachukuzi walimsukuma, wakamtukana, wakapita na kurudi, ukurasa bado. Alirudi amenuna, shati limechanika begani. Tangu hapo, kabla ya mfumo kwenda kwa mteja, violezo vyote vilifungwa pamoja na moduli zake, yaani vipande vya programu vinavyovitumia, kuwa furushi moja.

Ndipo akaanzisha paredi. Kila Ijumaa alifungua furushi lenyewe, akaita jina la kila kiolezo kilichomo, na aliyekiandika akaitika: kipo, Afande! Wageni walidhani tumerukwa na akili.

Mwaka 2016 dada yake alifariki Kitgum, naye Otema akaenda mazikoni na kuniachia mimi paredi. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, bado katika majaribio, na mama na wadogo zangu walinitegemea. Nikaita majina kutoka kwenye folda badala ya furushi. Sote tukaitika, na mimi kwa sauti kubwa kuliko wote. Laiti ningejua! Violezo vyangu vya usajili nilikuwa nimevipa majina yanayoungwa vipande viwili programu ikiwa tayari kazini: neno usajili, kisha lugha. Chombo kinachofunga furushi huona majina yaliyoandikwa kamili tu, kwa hiyo kikaviacha nje. Kwenye mashine za ofisini mafaili yalisomwa moja kwa moja kutoka kwenye folda, na hatukuona kasoro yoyote.

Jumatatu ilikuwa siku ya chanjo katika zahanati moja ya Namuwongo. Ukurasa wa usajili ukafunguka mweupe pe. Akina mama walisimama juani na watoto mgongoni tangu saa moja asubuhi, na kufikia saa saba wengi walisharudi nyumbani bila chanjo.

Otema alirudi kutoka matangani, akalitafuta kosa, akalipata, na akaona jina langu juu yake. Mbele ya wakurugenzi alisema paredi ni yake na kosa ni lake. Mwezi uleule ukuu wa kitengo, ambao kila mtu alijua ni wake, akapewa mwingine. Mimi nilinyamaza. Kwanza niliogopa kufukuzwa, kisha nikaona aibu, kisha miaka tisa ikapita. Watu walipomtania kwa ule ukurasa mweupe, nami nilicheka nao. Najuta, jamani. Naandika haya nikilia.

Wiki jana nilimwambia kwamba nitasema. Alikataa, alisema dada yake ameshazikwa, na mambo ya siku zile yazikwe naye. Hiyo ndiyo amri yake ya kwanza ninayoivunja.

Afande, asante kwa kunifundisha kazi, na kwa kuulinda mkate wa nyumbani kwetu. Sisi sote tunakuombea uzee wa utulivu huko Kitgum, wewe na Mama Adoch, na mikono ya kukushika palipo na giza. Kosa lile lilikuwa langu, wala si lako, na sasa kila aliye ukumbini amelisikia.

Huguette, kitengo cha kurasa