Kinachohifadhiwa Kina Mwenyewe: Kumuaga Mama Koma

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwandishi mwandamizi wa miswada katika idara yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye cheti analo mhasibu wa mishahara; sisi wengine tunamwita Mama Koma. Wageni wakisikia akiitwa ukumbini hudhani kuna mtu anakaripiwa. Hapana. Ni ile alama ya mkato tu, ambayo yeye ameifuta na kuirudisha kwenye sheria mara nyingi kuliko binadamu yeyote tunayemfahamu.

Alianza kama mpiga chapa, akasomea sheria jioni huku analea watoto watatu, kisha akahamia meza ya rasimu iliyo karibu na dirisha lisilofungika. Sheria ya mbwa wanaozurura ni yake, na fasili yake ya neno "kuzurura" haijapata mpinzani mahakamani. Ukimpelekea rasimu yenye "na/au", hurudi hoi kama imetoka vitani, na pembeni ameandika: "Chagua moja, mwanangu."

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo ni Sheria ya Hewa Ukaa. Sera ilikuwepo tayari, na viwanda vilishaahidiwa nafuu ya kodi vikinasa gesi hiyo ya moshi kwenye bomba na kuisukuma chini kabisa ya mwamba badala ya kuiachia angani. Kilichokosekana kilikuwa sheria. Mama Koma akaandika rasimu ya kwanza, na kwa kupenda maneno mafupi akaandika "kuzika hewa ukaa".

Tuliipeleka kwa wakazi wa eneo la visima vya kusukumia gesi hiyo, katika ukumbi wa shule. Kifungu cha kwanza hakijaisha kusomwa, fundi baiskeli mmoja akasimama na kuuliza, "Kinachozikwa ni maiti. Sasa huu msiba mnaotuletea ni wa nani?" Watu wakacheka, kisha wakatoka, nusu ya ukumbi. Mama Koma alirudi ofisini, akafuta "kuzika", akaandika "kuhifadhi". Sote tukashusha pumzi.

Yeye hakushusha. Kesho yake alikuja na hoja iliyotuharibia chai: kinachohifadhiwa kina mwenyewe. Je, kiwanda kikifungwa, mwenyewe ni nani? Rasimu ilisema wajibu wa kampuni unaisha siku kisima kinapozibwa. Maana yake, wakazi wangebaki na gesi chini ya vitanda vyao na gesi hiyo ikivuja hawana wa kumshika shati. Ndipo akaongeza kifungu cha kumi na nane: kampuni itabaki mwenye gesi kwa miaka ishirini baada ya kuziba, ikikagua kwa gharama yake, na baada ya hapo serikali itairithi pamoja na lawama zake zote.

Wawekezaji wakatishia kufungasha. Kamishna aliyesimamia sera hiyo akaagiza kifungu kiondolewe. Mama Koma alirekebisha kila kitu kingine alichoagizwa na kuirudisha rasimu mara tatu, kifungu cha kumi na nane kikiwa pale pale. Mwaka huo alitarajiwa kuwa mkuu wa idara, na cheo kikaenda kwa mwingine. Ilituuma. Inatuuma bado, na tunaandika hapa ili isomwe.

Muswada ulipita na kifungu chake. Mwekezaji mmoja aliondoka kweli, wawili wakabaki. Wakaguzi huenda visimani kila mwaka, na yule fundi baiskeli yumo kwenye kamati ya wakazi inayopokea taarifa zao. Hadi sasa hajaridhika na lolote, jambo ambalo Mama Koma analisifu sana.

Wiki iliyopita tulimuuliza anakwenda kuishi wapi. Mumewe, fundi umeme mstaafu, amepata kiwanja cha bei poa, na nyumba imeshaezekwa. Kipo katika eneo lile lile la visima. Bei ni poa kwa sababu watu bado wanapaogopa. Tulidhani anatania. Akatutazama juu ya miwani: "Kama mimi naogopa kulala juu ya kifungu changu, nilitaka nani alale?"

Asante kwa yote, mama yetu. Tunakutakia afya, wajukuu wasumbufu, na usingizi mnono kila usiku.