Jabez Whittam, Beki wa Hagdale Aliyekataa Kuapa Uongo

Mchungaji Lund, mama yetu Selina, ndugu na majirani wa Mtaa wa Inkerman, nanyi wanamichezo mliosimama nyuma kwa kukosa viti, mimi ni Edgar Proctor, mume wa Alice, binti wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba mkwe wangu, Mzee Jabez Whittam, kama alivyotusimulia mwenyewe, na kama mama alivyoyasahihisha kila mzee alipojipunguzia sifa.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 3 Februari 1863, hapa hapa Hagdale, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mfumaji Amos Whittam na mkewe Hannah. Ulikuwa mwaka wa njaa ya pamba, vita vya Marekani vilikuwa vimezuia meli za pamba, viwanda vyetu vimenyamaza, na bibi Hannah alikuwa akisema kwamba Jabez alikuzwa kwa supu ya kamati ya misaada, ndiyo maana miguu yake ilipinda kidogo, ila ilipinda kwa namna iliyoufaa mpira.

Alianza shule ya kanisa hili mwaka 1869, na alipotimiza miaka kumi akawa mwanafunzi wa nusu siku kama wenzake wote, asubuhi kiwandani, mchana darasani, ambako alisinzia juu ya dawati hata mwalimu akaacha kumchapa na kuanza kumfunika koti. Mpira alijifunza uchochoroni pamoja na jirani yake Seth Holgate, kwa kibofu cha nguruwe walichomwomba mchinjaji, Seth akikaa golini kati ya mapipa mawili kwa sababu hakupenda kukimbia. Mwaka 1876 aliacha shule akawa mfumaji wa kutwa, na mwezi Septemba 1881 wote wawili wakaingia timu ya Hagdale, Seth akiwa golikipa, Jabez beki wa kushoto.

Sasa nafika mahali ambapo wazee wa mji huu watainamisha vichwa, lakini mama amesema nisiruke.

Wakati ule kumlipa mchezaji kulikatazwa, na kila mtu alijua kwamba wanalipwa. Mwezi Agosti 1883 mwenyekiti wa timu, Bwana Pilling, aliyekuwa pia na kiwanda, alimwachisha Jabez kazi ya mashine ili afanye mazoezi kila siku, akaacha jina lake liendelee kuandikwa kiwandani kama mfumaji. Akafanya hivyo hivyo kwa Seth na kwa wengine wawili. Tarehe 12 Januari 1884 tukawafunga mabwana wa timu moja ya kusini mabao matatu kwa moja katika mashindano ya kombe, mji mzima ukaimba mpaka koo zikakauka, na wiki hiyo hiyo mabwana wale wakapeleka malalamiko kwamba tunawalipa wachezaji.

Kamati ya chama cha soka iliwaita wanne hao Manchester, Alhamisi tarehe 24 Januari, katika ukumbi wa hoteli moja. Ndani ya treni Bwana Pilling aliwapa biskuti na maagizo.

"Wanangu, ni jambo dogo. Semeni mnafuma kwangu, wekeni mkono juu ya Biblia, kisha tukale pai turudi nyumbani."

Watatu waliapa, na Seth alikuwa wa tatu. Jabez alipoitwa hakunyoosha mkono.

"Mheshimiwa," alisema, "sijagusa mashine tangu Agosti. Nalipwa kucheza mpira."

Mzee mmoja wa kamati akamuuliza kama haoni haya.

"Baba yangu alilipwa kufuma, mheshimiwa, na hakuna aliyemwambia aone haya. Mimi kazi yangu ni hii, na naifanya Jumamosi mbele ya watu elfu nne. Haya ningeyaona kama ningeapa."

Hagdale ikatolewa katika kombe siku ile ile, na wachezaji wote wanne wakafungiwa. Kituoni Seth alimsubiri Jabez mwisho wa jukwaa, akatema mate chini.

"Umetuuza, Jabez."

"Muuzaji hurudi na kitu mfukoni, Seth. Mimi narudi na nini?"

Baada ya hapo hawakusemezana kwa miaka mingi, ingawa kila mmoja alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa mwenzake. Vioo vya nyumba ya Whittam vilivunjwa mara mbili, muuza samaki akakataa kumhudumia bibi Hannah, na kwa kuwa hakuna kiwanda hapa kilichomtaka, Jabez alipata kazi ya mashine huko Thornley, akawa anatembea maili sita kwenda na sita kurudi, kwa kipindi cha miezi kumi na minane. Wakati huo alikuwa amemposa Selina Catlow, ambaye leo ndiye mjane wetu, na Mzee Joseph Catlow alipiga meza akasema binti yake haolewi na msaliti. Selina, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alijibu akiwa anamenya viazi.

"Kumbe baba, wako watatu walioapa uongo. Nikuletee yupi kati yao?"

Mzee Catlow, kwa mujibu wa mama, alikwenda kulisha kuku.

Mwezi Julai 1885 wakubwa wa soka waliruhusu wachezaji walipwe hadharani, na waliofungiwa wakafunguliwa. Marehemu hakuwahi kudai kwamba ni kwa ajili yake, maana waliosema kweli walikuwa wengi, na waliosema uongo walichosha kamati zaidi. Mwezi Agosti Bwana Pilling alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi.

"Jabez, nimekuja."

"Nakuona, bwana."

"Turudi uwanjani?"

Jabez alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lake lisiandikwe tena mahali popote kama mfumaji. Jumamosi tarehe 12 Juni 1886 alifunga ndoa na Selina katika kanisa hili, na karani alipouliza kazi ya bwana harusi, akaambiwa mcheza mpira, kalamu ilisimama hewani. Baba wa bibi harusi akanong'ona, "Hiyo nayo ni kazi?" Jabez akasema, "Andika, bwana." Ikaandikwa.

Aliichezea Hagdale miaka saba mingine, mitano akiwa nahodha, na mwaka 1890 alitufikisha nusu fainali ya kombe, tukafungwa bao moja kwenye tope lililofika magotini. Tarehe 8 Oktoba 1892 goti lake la kulia lilivunjika, ukawa mwisho. Akarudi kiwandani kama fundi wa mashine, na kuanzia mwaka 1896 hadi 1928 akawa mtunza uwanja wetu, ambapo wengi wenu mlifukuzwa naye kwa kukanyaga nyasi.

Mungu aliwajalia watoto watano, Martha, Alice, Hannah, Amos na Reuben. Hannah alichukuliwa na homa mwaka 1897 akiwa na miaka sita, na Amos aliuawa vitani Ufaransa tarehe 1 Julai 1916, siku ambayo mtaa huu ulipoteza vijana kumi na mmoja, mmoja wao akiwa mtoto wa pekee wa Seth Holgate. Wiki ya pili ya Agosti, Seth alibisha hodi kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na miwili, akasimama sebuleni bila kukaa.

"Niliapa uongo, Jabez. Nimeubeba tangu siku ile, na sasa sina nguvu ya kubeba mizigo miwili."

Baba alimsogezea kiti.

"Utue basi, Seth. Chai inapoa."

Mzee Holgate yuko hapa, kiti cha mbele upande wa familia, kwa sababu ndiko anakostahili kukaa.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi Machi mwaka huu. Jumamosi iliyopita, tarehe 7 Novemba 1931, aliomba dirisha lifunguliwe asikie uwanja, na zilipopigwa kelele akauliza nani kafunga. Mama akamwambia ni sisi. Akatabasamu, akafumba macho, na saa kumi kasoro dakika kumi jioni akatutoka akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Familia inamshukuru Daktari Fairclough, aliyepanda ngazi zetu kila siku bila kuitwa, majirani mliotuletea supu na makaa, mafundi wenzake, na klabu iliyoahirisha mechi ya leo, ingawa mama anasema mzee angewagombeza kwa hilo.

Baba, mama tutamtunza. Lala salama.