Mpini Mpya wa Wembe wa Mbaluka

Mbele ya kibanda cha kunyolea cha mzee Mbaluka, hapa sokoni Kwa Vonza, kuna benchi, na kando yake ndipo ninapopika kahawa, mtoto wangu Mbula akiwa amelala mgongoni mwangu. Wateja huongea, mimi humimina. Mwezi uliopita mkono wa mzee ulitetemeka, akamkata kidevu Sharmarke, muuza mbuzi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekalia kile kiti chake. Jana Musyimi, mchonga vinyago, aliung'oa mpini wa plastiki kwenye wembe wa kukunja wa mzee na kuweka wa mpingo. Mzito, mweusi, laini kama jiwe la mtoni. Leo wembe ulipita benchini, ukiwa umekunjwa, kutoka mkono hadi mkono.

— Lete nipime, alisema Sharmarke. Sisi humwita Mizani, kwa sababu akiinua mbuzi anakuambia kilo.

Aliuweka kwenye kiganja, akafumba macho.

— Haki, Musyimi! Kitu kidogo hivi, na mkono unatulia wenyewe.

— Ndiyo sababu nikachagua mpingo, Musyimi alisema. Ile plastiki ilikuwa nyepesi sana. Ilikuwa inacheza na mkono wa mzee.

— Mti huo ni noma! alidakia Kitheka wa bodaboda, ambaye jina lake hapa ni Redio. Ukiutupa majini unazama.

— Unazama, Musyimi alikubali. Na umenivunjia misumeno miwili.

— Mchwa nao? Redio aliuliza.

— Huuonja tu, kisha huenda kwa jirani.

— Kwetu, Mizani alisema, mchi wa mti kama huo ulitwanga tangu nyanya yangu akiwa bibi arusi. Kinu ndicho kilichoisha.

— Hiyo ni kidogo! Redio alisimama. Tengeneza lori ya mpingo. Itafika Mombasa bila magurudumu, na barabara ndiyo itaenda gereji!

Tulicheka wote. Hata mzee Mbaluka, aliyekuwa mlangoni akipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi, alitabasamu.

Hapo jirani yetu Nzilani akapita na unga wake kutoka kwa posho mill. Akautazama wembe.

— Ni mzuri jamani. Sasa nani amenyolewa nao?



Musyimi alizishika ndevu zake kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo. Redio alipapasa nywele tatu za kidevuni mwake. Mzee Mbaluka alirudi ndani polepole.

Mizani aliweka kikombe chini. Akamfuata, akakaa kwenye kiti, akainua kidevu chenye kovu.

— Anzia hapa, mzee. Nimesema uzito ni sawa.

Mbaluka alimpaka povu, akaufungua wembe. Vidole vilitetemeka, vikatetemeka, vikaukamata ule mpingo. Vikatulia. Makali yakashuka juu ya kovu, taratibu, yakaacha ngozi safi.

Kahawa ilikuwa inamwagikia goti la Redio. Nilisahau kuinua birika, naye alisahau kupiga kelele.