Usikonde wa Kadi za Salamu

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza: marehemu dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, alfajiri, katika nyumba ya tatu kushoto ukitoka stesheni ya treni, ile yenye ngazi mbili mlangoni. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano wa karani wa tiketi na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Aliyemfuata ni kitinda mimba, mdogo wake, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu baada ya wenye elimu wote wa ukoo kusema wana shughuli. Mama yao alizoea kusema kwamba binti huyu alipozaliwa hakulia, aliita watu. Mdogo wake hakuwepo siku hiyo, lakini kwa jinsi alivyomjua, anaamini kila neno.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957 katika shule ya msingi iliyo chini ya tangi la maji, akamaliza la nane mwaka 1964, kisha akaingia sekondari ya wasichana na kumaliza kidato cha nne Desemba 1968. Darasani alikuwa moto. Mdogo wake aliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ila yeye na mwalimu walishindwa kukubaliana nani amfundishe mwenzake. Bwenini, kitanda cha pili, alilala msichana mwembamba aliyesuka nywele za bweni zima, naye akaitwa Vidole mpaka leo. Marehemu na Vidole walilingana kimo, walilingana kelele, na miguu yao ilikuwa saizi moja. Hilo la miguu lishikeni, lina maana.

Maana vijana mmekwisha kuona picha ya marehemu kwenye jalada na kuanza kuchekea kwapani. Chekeni kwa adabu. Ile ni afro, imechanwa kwa chanuo la waya, na mwenye nayo aliinama kupita mlangoni. Enzi hizo suruali za bugaluu zilifagia barabara kuliko wafagiaji wa manispaa. Kanda ya kaseti ikilegea ilizungushwa kwa kalamu, na betri za redio zikichoka zilianikwa juani juu ya dirisha, zikafufuka kwa nyimbo tatu nne, zikafa tena. Nyinyi mna nyimbo elfu mfukoni na hamjui hata moja mpaka mwisho. Wao walikuwa na santuri sita, wakajua hadi mahali sindano inaporuka.

Marehemu na Vidole walikuwa na jozi moja tu ya raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali, mali ya wote wawili. Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa dansi, mmoja aliingia ulingoni na viatu, mwingine akakaa mezani peku, miguu ameificha chini ya kitambaa, mpaka zamu yake ifike. Siku moja kijana fulani mtanashati, fundi wa saa, alimwinamia marehemu.

"Dada, tucheze?"

"Ngoja kidogo, kaka," akajibu bila kupepesa. "Miguu yangu iko kazini."

Fundi akatazama ulingoni, akatazama kitambaa cha meza, akaelewa, akavuta kiti. Alingoja nyimbo tatu. Mtu wa saa anajua kungoja. Mdogo wake marehemu, ambaye kwa kucheza hakuwa na mpinzani katika ukumbi ule, waulizeni waliokuwepo na bado wana kumbukumbu, alishuhudia kwa macho yake.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 marehemu aliajiriwa kuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa kilichokuwa nyuma ya soko. Kazi yenyewe ilikuwa kuokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye sanduku la vyumba vidogo vidogo na kuzipanga mstari kwa mstari, zikiwa zimegeuka, ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Kwa hiyo alisoma kinyume upesi kuliko wengi wetu tunavyosoma mbele. Alipanga mabango ya dansi, kadi za harusi, na ratiba za mazishi kama hii mliyoshika. Alikosea mara moja tu inayokumbukwa: bango lililotakiwa kusema bendi itatumbuiza ukumbini likatoka limeandikwa bendi itatumbukia ukumbini. Siku hiyo ukumbi ulifurika. Watu walikaa shingo juu, wakingoja bendi itumbukie kutoka darini. Meneja wa ukumbi alikuja kiwandani kesho yake, marehemu akajificha nyuma ya marobota ya karatasi, kumbe mzee wa watu amekuja kuomba, "Binti, na wiki ijayo kosea tena kidogo." Alistaafu tarehe 31 Machi 2005, miaka thelathini na sita na ushei. Wenzake walimpa saa ya ukutani. Yeye, mke wa fundi wa saa, aliwashukuru, akairudisha, akaomba badala yake sanduku moja la herufi za zamani zilizokuwa zikitupwa.

Aliolewa na huyo aliyengoja nyimbo tatu Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1973. Walijaliwa watoto watatu, wakakaa pamoja mpaka fundi alipotangulia mwaka 2011. Ugomvi wao mkubwa, kwa anavyokumbuka mdogo wake, ulihusu salamu.

Hapa lazima vijana waelezwe. Kila Jumapili saa nane mchana redio ilisoma kadi za salamu. Unanunua kadi, unaandika jina lako, chini yake majina ya unaowasalimu, na mwisho ujumbe mfupi. Unaitia posta, kisha unangoja wiki, pengine mwezi, umekaa na redio kama mtu anayengoja mtihani. Kadi zenyewe zilichapwa kiwandani kwao, na marehemu alizijaza kuliko mtu yeyote. Hakutumia jina la nyumbani. Alijiita Usikonde, na chini ya kila kadi ujumbe wake ulikuwa mmoja: usikonde, dunia haijaisha. Alisalimu matarishi wa posta, wauguzi wa zamu, makuli wa stesheni, wagonjwa asiowajua waliolala wodini. Katika miji ambayo hakukanyaga maishani, watu walizima mashine zao kumsikia Usikonde kasema nini. Mpishi mmoja wa hospitali ya mbali, ambaye hawakuonana kamwe, alimpa bintiye jina hilo. Sasa tuambieni, nyinyi wenye wafuasi wengi kwenye simu, nani kati yenu ameitiwa mtoto?

Mumewe ndiye aliyenuna. "Mimi wa tisa," alisema Jumapili moja, redio ikiwa bado inaongea. "Mume mzima, wa tisa! Hata yule muuza mishumaa yuko mbele yangu."

"Wa tisa kwenye kadi, wa kwanza kwenye sahani," alijibiwa. "Chagua."

Akachagua sahani. Lakini wa kwanza kwenye kadi, kwa miaka kumi na saba, alikuwa Vidole. Vidole wakati huo alikuwa na saluni yake mwenyewe, viti vinne, kioo kirefu na redio juu ya kabati, na Jumapili wateja walijua saa nane hakuna kuongea.

Ndipo ikaja Jumapili ya tarehe 9 Aprili 1989. Mtangazaji alikuwa ametoa amri kwamba kadi zimezidi, kila mtu asizidishe majina kumi. Marehemu alikaa na kadi yake siku tatu, akipunguza watu kama anayekata kidole chake mwenyewe, kutoka arobaini mpaka kumi. Saluni ikanyamaza. "Kimya, tunatajwa," Vidole akasema, kichana hewani. Mtangazaji akasoma la kwanza, la pili, mpaka la kumi, akasoma ujumbe, akapiga wimbo. Vidole hakuwemo.

"Labda betri zimeshuka," mteja mmoja akasema kwa huruma, na redio yenyewe ilikuwa ya umeme.

Vidole aliizima. Akarudi kusuka, akasuka kwa nguvu mpaka nyusi za yule mteja zikapanda karibu na nywele.

Jioni hiyo mume akamuuliza marehemu ilikuwaje. Marehemu alishangaa kweli. "Lakini Vidole ni mimi," alisema. "Kuna mtu anayejitumia salamu mwenyewe?"

"Basi kamwambie hivyo."

"Aje aniulize."

Na upande wa pili, kwenye saluni, Vidole alikuwa akiwaambia wateja, "Aje aniombe radhi." Sasa hapo, waungwana, kuna mtu ataenda? Walikuwa wanawake wawili wakarimu kuliko wote mtaani, na kila mmoja alikuwa mgumu kama soli ya raizoni. Miaka ilipita. Walikaa meza moja kwenye harusi za watoto wa watu, wakizungumza kwa kupitia wengine: "Mwambie huyo mama chumvi iko mbele yake." "Mwambie huyo mama nimeiona." Mdogo wake alijaribu kuwapatanisha mara nne na kila mara alifukuzwa na pande zote mbili. Kipindi cha salamu kikafutwa, posta ikabaki na vifurushi, fundi wa saa akafariki. Vidole alikuja msibani, akamlilia fundi, akaondoka bila kumshika mwenzake mkono.

Jumapili tarehe 2 Juni 2019, akiwa anakunja nguo, marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakaondoka, yakabaki moja: bado. Mama chai? Bado. Mama umeshiba? Bado. Redio ikiwashwa, bado, ikizimwa, bado. Yeye aliyesalimu nusu ya nchi alibaki na neno moja, na macho yalikuwa yanadai kitu ambacho watoto hawakukijua. Daktari aliwaambia kwa upole kwamba hatanyanyuka tena. Siku zilikuwa zinahesabika, na jambo la miaka thelathini lilikuwa limekwama kooni.

Wiki ya tatu alinyoosha mkono wa kushoto chini ya kitanda, akaonyesha lile sanduku la herufi. Wakamwekea sinia kifuani na reli yake ya kupangia, kile kipande cha chuma kinachoshika mstari wa herufi. Kwa siku tatu, kwa mkono usiojua kazi hiyo, aliokota risasi moja moja. Nyingine zilianguka, akangoja ziokotwe, akaendelea. Binti yake mkubwa, muuguzi, alitazama mistari ile iliyogeuka, akatoka nje akilia. "Mjomba, mama amechanganyikiwa. Anapanga vitu visivyosomeka."

"Visivyosomeka na nani?" akasema mjomba, yaani yule mdogo wake marehemu, ambaye tangu darasa la kwanza herufi zilimjia kinyumenyume na walimu wakamchapa kwa hilo. Siku hiyo kipaji chake kilipata kazi. Akapaka herufi rangi nyeusi ya viatu, akatafuta ndani ya sanduku kadi moja ya salamu iliyobaki, ya manjano, akaigandamiza kwa kiganja. Sasa ikasomeka. Mahali pa majina palikuwa na jina moja, Vidole. Mahali pa ujumbe: wewe ni mimi, mtu hajisalimu.

Mdogo wake aliipeleka kwa miguu. Alisimama mlangoni mwa saluni, akakohoa, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji, sauti ambayo redio ingeisikia mapema ingemwajiri. Vidole alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Akaichukua kadi, akaisoma mwenyewe, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele.

"Mjinga," alisema taratibu. "Mjinga mkubwa. Na mimi mjinga mwenzake." Akamgeukia mteja. "Mama, utanisamehe, kichwa chako kitasubiri."

"Kisubiri nini, twende wote," akasema mteja, na ndivyo walivyofika chumbani, Vidole akiwa na aproni, mteja akiwa na nywele nusu.

Vidole aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto uliochafuka rangi. Kisha akauliza, "Umenichoka?"

"Bado," akasema marehemu.

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama kuna hatari. Tangu siku hiyo Vidole alikuja kila alasiri. Alimsuka, alimsomea magazeti, alimletea kaseti za zamani, akawa ndiye anayeongea kwa niaba ya wawili, na kwa kuwa hakuwahi kuwa mtu wa kunyamaza, hakuna kilichopungua. Watoto wanakiri kwamba mama yao hakuwa na miezi ya furaha kama ile tangu baba yao aondoke.

Dada yetu alifariki dunia nyumbani kwake, Jumatano tarehe 13 Novemba 2019, saa tisa alasiri, usingizini, kichwa chake kikiwa kimemalizwa kusukwa wakati huohuo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa na miezi minane kasoro siku moja. Katika ndugu watano, amebaki mmoja tu, ambaye leo hana wa kumwambia aache majivuno.

Marehemu ameacha watoto watatu: muuguzi, dereva wa lori na mwalimu, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, na huyo mdogo wake. Kamati ilipofika hapo ilimuuliza Vidole aandikwe vipi, rafiki, dada, au pacha. Alifikiri kidogo, akafuta macho kwa pindo la aproni.

"Msiniandike," alisema. "Hiyo ni orodha ya walioachwa."

Basi jina lake halimo, na safari hii ameliondoa mwenyewe. Amani impokee dada yetu, na apumzike ndani yake.