Mwewe na Paa Jekundu la Picha Namba 188

Tarehe 9 Septemba, miaka kumi na tisa iliyopita, ofisi hii ya mambo ya kale ilipoteza shamba zima la mahindi. Halikuibwa wala halikusombwa na maji. Liko palepale lilipokuwa, na mwenye nalo bila shaka analilima kila mwaka bila habari; ni sisi tusiojua liko wapi. Aliyelipoteza ni mpiga picha wetu wa angani, anayejulikana kwa wote kama Mwewe, na Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mbili. Mimi ni mpima wa ofisi, kwa hiyo namba zake zote ninazo. Pili, ni shemeji yangu, kamwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo hata akinuna atanuna kwa kipimo.

Kwa wageni wa ofisi, kazi yenyewe ni hii. Pale ambapo watu wa kale walichimba handaki, udongo ulioingia humo baadaye hutunza unyevu, na mahindi yanayoota juu yake huwa marefu na mabichi kuliko wenzake. Palipofukiwa msingi wa ukuta, mahindi hudumaa na kuwahi kukauka. Ukisimama shambani huoni kitu ila mahindi. Ukiwa juu, na mwaka ukiwa wa ukame, unaona boma zima limechorwa kwa kijani. Picha ikishapigwa, mimi nakwenda na utepe na vigingi, nasimama pale inaposema, wachimbaji wanaanza. Ili hayo yawezekane, lazima mtu wa juu aseme alikuwa wapi.

Mwewe hakuja kuomba kazi ya kuruka. Alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti, na aliitwa hapa kutengeneza kamera iliyokwama. Aliitengeneza kwa dakika ishirini. Mkuu wa wakati huo akamwandikia barua ya ajira siku hiyohiyo, naye akatia sahihi kabla ya kuuliza kamera hiyo hutumika wapi. Alipoonyeshwa ndege aliizunguka mara mbili, kisha akauliza, “Hii ni yenu, au mmeazima?” kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Safari ya kwanza ilileta picha mbili, zote za kiatu chake cha kushoto. Ziliwekwa kwenye faili kama kawaida, na miezi mitatu baadaye mtaalamu mmoja mgeni akaandika ripoti ya kurasa sita kuhusu barabara ya kale yenye kona nyingi. Ilikuwa kamba ya kiatu. Nina ushahidi, maana wakati huo nilikuwa mbeba vigingi tu, upimaji bado najifunza mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, na niliisaka barabara hiyo kwa siku mbili nikiwa na vigingi arobaini begani. Mwaka uliofuata alimpiga dada yangu picha ya pasipoti. Ilitoka vizuri mno. Sasa nina wapwa wanne.

Sifa zake ni za kweli na nazitoa bila kinyongo. Safari 412. Picha 12,640. Maeneo 74 yalionekana kuwa na kitu, na jembe limethibitisha 52, yaani asilimia sabini. Nimewahi kupima kwa maelekezo ya watu wenye shahada tatu, wakafikisha thelathini.

Ila kuna picha namba 188, ya lile shamba lililopotea. Ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizo nazo: miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na njia iliyonyooka inayoingia mlangoni. Mistari ya mahindi iko sentimita 75 kutoka mmoja hadi mwingine. Nimehesabu nafasi 84 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo mduara wa nje una upana wa mita 63. Ofisi yetu haijawahi kuchimba boma la namna hiyo. Nilifungua daftari lake la safari kutafuta lilipo. Kwenye safu ya “Mahali” ameandika: “Shambani.”

Daftari la rubani linaonyesha kwamba siku hiyo ndege ilikwenda mashariki, ikarudi, kisha ikaenda bonde la kusini. Mikanda miwili ya filamu, na hakuna aliyeandika upi ni wa wapi, wala rubani hakumbuki. Nikamuuliza mwenyewe. Alijibu bila kusita, “Shemeji, mkono wa kushoto, nje kidogo ya picha, palikuwa na nyumba ya paa jekundu. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili.” Wakati ule bonde la kusini lote lilikuwa na bati la kijivu. Mapaa mekundu yalikuwa mashariki. Nikaenda mashariki.

Hadi leo nimefika kwenye mapaa mekundu 46. La kumi na mbili lilikuwa na mbwa. La ishirini na tatu lilikuwa la shule, na mwalimu alidhani mimi ni mkaguzi, nikajikuta nimefundisha desimali kipindi kizima. La thelathini na moja rangi yake ilikuwa haijakauka, na mwenye nyumba akanitazama na utepe wangu akauliza, “Mzee, unanunua nyumba au unaposa?” Kila nilipofika nilichoma ardhi kwa kigingi nikitafuta udongo laini wa handaki; miduara sijaipata.

Jumanne iliyopita, wakati wa chai, mkuu alikuwa akisifia jicho kali la Mwewe, ambaye alikuwa ametoka kufuata sukari. Rubani wetu, mama aliyeruka naye miaka ishirini na sita, akaweka kikombe chini. “Jicho lipi?” akasema. “Huyu baba, magurudumu yakiacha ardhi, anafumba macho mpaka yaguse tena. Mimi nainamisha ndege, namwambia piga, anapiga. Nilidhani mnajua.” Mwewe akarudi na sukari, akakuta watu wazima tisa wanatazama dari.

Nikampigia dada. “Mdogo wangu,” akasema, “balbu za nyumba hii nabadilisha mimi. Huyo hata stuli inamtoa jasho.”

Mimi simhukumu mtu kwa maneno ya chai, kwa hiyo nimepima. Nimechukua picha zake 200 bila kuchagua: zote zimeinama upande, wastani wa nyuzi tisa, kama za mtu aliyeshika kamera mbali na uso. Namba 188 haijainama hata uzi mmoja. Ama ni bahati, ama katika safari 412 alifumbua macho mara moja, na mara hiyo ndiyo hiyo.

Nami namheshimu zaidi kuliko kabla ya chai ile. Alifunga mkanda, akaukagua mara tatu, akaenda. Siku ya pili akaenda tena, miaka thelathini na mmoja. Sikuwahi kumsikia akiomba aachwe.

Lakini mwaka huu ndio ukame wa kwanza kama ule, na miduara itakuwa imejichora tena. Jumatatu ijayo wakulima wanaanza kuvuna. Ndege tumeipata Ijumaa, saa sita mchana, kwa saa moja tu, na saa moja inatosha upande mmoja. Ukame mwingine ukikawia miaka kumi na tisa, utanikuta na miaka sabini na mitatu, bila ofisi na bila magoti.

Shemeji Mwewe, wote hapa tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya kwa hofu yako yote. Tunakuombea siku nyingi, tambarare, miguu ikiwa chini, na balbu zisizoungua. Hotuba na keki ni saa tano, na humo hakuna atakayekuuliza kitu. Mimi nauliza hapa: lile paa uliliona, au ulikuwa umefumba macho? Kama uliliona, naruka mashariki. Kama ulifumba, naruka kusini, tutakucheka hadi Jumatatu, basi. Sitaki habari za jua wala za upepo. Neno moja, “niliona” au “nilifumba”, mezani kwangu, Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi.